Daftari Jeusi la Jaji Whitcombe

Champlin, Minnesota, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Wakesho mwanangu,

Salamu tutapeana kesho uwanja wa ndege mbele ya watu, kwa hiyo hapa naziruka. Sasa ni saa tisa mchana. Wewe umekwenda Brooklyn Park kuagana na wenzako, mama yako yuko kazini, nami nimeketi kwenye meza ya jikoni na karatasi hizi. Mambo ya koti zito, ya dawa za kifua na ya kupiga simu kila Jumapili mama yako amekwisha kukuambia mara nne. Sitayarudia.

Nataka kukuandikia juu ya jaji mmoja aliyekufa zamani, kabla babu yako hajabaleghe. Unakwenda kusomea sheria. Siku uliyotutangazia, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nilinyamaza. Uliponiuliza kama sikufurahi, nilikwambia nimechoka na shifti. Nilikudanganya. Sikuwa nimechoka, niliogopa.

Unajua kwamba kabla hatujaja huku nilikuwa mkalimani wa mahakama kule Voi. Kwa miaka sita niligeuza Kitaita cha wazee wa milimani kuwa Kiswahili, na Kiswahili kuwa Kiingereza. Nilisimama kati ya kiti cha hakimu na kizimba, na kutoka pale mtu huona mengi. Hakimu mmoja alikuwa na desturi ya kumtazama mshtakiwa viatu kabla hajamtazama uso. Mtu alipofungua kinywa, hukumu ilikuwa imekwisha kukauka. Nikawa napeleka maneno yake juu kama mtu anayechota maji kwa pakacha.

Tangu hapo sikumwamini mtu aliyeketi juu, na polepole nikaacha kuwaamini hata tulioketi nao chini. Wewe mwenyewe umeniona. Nikipewa zawadi, naigeuza kwanza niangalie upande wa chini. Mtu akinichangamkia kupita kiasi, najiuliza anataka nini. Mama yako husema hata kanisani wakati wa sala nafumba jicho moja tu. Ulipokuwa mdogo ulicheka. Siku hizi hucheki tena, na nimeliona hilo pia.

Basi nikuambie habari za Bi Cora Whitcombe. Uliwahi kumwona mara moja, ulipokuwa ukinisubiri kwenye sebule ya nyumba ya wazee ninamofanya kazi: bibi mrefu, mwembamba, macho yameingia ukungu. Alikuwa na miaka tisini na kitu. Chumba chake kilitazama mto Mississippi ingawa yeye hakuweza kuuona. Wiki ya kwanza niliyopangiwa kumhudumia, kila nilipotoka chumbani aliniuliza, "Umechukua nini?"

Siku ya tatu nikamjibu, "Sijachukua kitu, Bi Cora. Wewe umeficha nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku ile tukaelewana.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la mbao lenye madaftari ya baba yake, Jaji Ansel Whitcombe wa mahakama ya shirikisho. Aliniomba niwe namsomea baada ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza alinipa ukurasa ambao jaji ameandika maneno mabaya juu ya wageni wanaoshuka kwenye treni Saint Paul, jinsi wanavyonuka na jinsi wanavyosema uongo. Nilisoma yote, neno kwa neno, sauti yangu haikupanda wala kushuka. Nilipomaliza akasema, "Umepita."

"Nimepita nini?"

"Ukurasa huo naujua kwa moyo. Kila mtu anayenisomea huuruka, ananionea haya. Wewe hunipendi vya kutosha kunidanganya."

Sikujua kama ni sifa au tusi. Lakini niliendelea kusoma, karibu mwaka mzima, na hivyo ndivyo nilivyokuja kumjua yule jaji kuliko ninavyowajua baadhi ya shemeji zangu.

Baba yake jaji alikuwa mchonga mawe katika mji mdogo wa mtoni, chini ya Saint Paul. Kusoma alijua kwa shida. Rafiki yake wa kanisani akamletea karatasi atie sahihi, akamwambia ni ya kugawana uzio tu. Kabla majira ya baridi hayajaisha wakatolewa katika nyumba ambayo mzee yule aliijenga kwa mikono yake. Ansel alikuwa na miaka tisa. Alitoka amebeba saa ya ukutani ya mama yake, nayo bado inatembea. Aliandika baadaye kwamba siku ile ndiyo aliyoacha kuamini sauti za watu.

Alipokua akaenda Saint Paul akafagia ofisi ya wakili. Mchana alinakili hati za watu kwa mkono, na muda uliobaki alisoma vitabu vya sheria vya yule wakili kimoja baada ya kingine. Hivyo tu, bila chuo, akawa wakili, kisha mwendesha mashtaka wa kaunti. Hapo shaka yake ikamfaa. Kulikuwa na matajiri wa mbao waliokuwa wakijipatia misitu ya serikali kwa majina ya watu waliodai kuwa ni wakulima. Karatasi zilikuwa safi, mihuri yote ipo. Whitcombe hakuridhika. Akachukua orodha ya majina, akaenda makaburini, akatembea kaburi hadi kaburi akisoma mawe. Wakulima wale walikuwa wamelala pale miaka mingi. Matajiri wakafungwa, naye akajulikana, na baada ya muda Rais wa wakati ule akamteua kuwa jaji.

Kesi iliyompa jina ni ya mjane mmoja. Mumewe alikuwa akiunganisha mabehewa ya treni, akabanwa katikati akafa. Kampuni ikaleta mashahidi watatu wakasema marehemu alikuwa amelewa. Wote watatu walitumia sentensi ileile, haikupungua neno. Jaji akawatoa nje, akamwita mmoja mmoja, akamuuliza swali moja: siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje? Wa kwanza akasema theluji. Wa pili akasema jua kali. Wa tatu akasema hakumbuki, ila palikuwa na matope. Mjane akashinda.

Nilipomsomea Bi Cora kesi hiyo niliona raha ambayo sikuitegemea. Nilijisemea, huyu ni mtu wangu. Kwa hiyo usifikiri nimeketi hapa kukwambia shaka ni dhambi. Makaburi yale yasingesomwa na mtu anayeamini kila mhuri.

Kisha vikaja vita vya kwanza vya dunia, na hapa madaftari yakabadilika. Mwandiko wenyewe ulikuwa mdogo zaidi, umebanana. Huku Minnesota kulikuwa na Wajerumani wengi, wakulima na mafundi, na ghafla kila mmoja akawa adui. Maombi ya uraia yalipita mbele ya jaji, naye akawa anayapepeta kama mama anayetafuta mawe kwenye mchele.

Katika daftari jeusi, la mwisho chini ya sanduku, kulikuwa na habari za fundi viatu aitwaye Anton Reisz. Alikuwa amekaa Minneapolis miaka mingi, ana mke na watoto. Siku ya ombi lake, jirani yake akala kiapo kwamba Reisz humtakia heri mfalme wa Ujerumani nyumbani kwake. Jaji akamuuliza Reisz, "Ndugu yako akija na bunduki kutoka upande wa pili, utampiga?"

Reisz kweli alikuwa na ndugu upande wa pili. Akanyamaza. Karani akaandika: hakujibu.

Mwanangu, mimi nami nilikaa mbele ya ofisa wa uraia, nikaulizwa maswali mazito. Mimi nilijibu haraka kwa sababu sikuwa na kitu cha kupima. Reisz alikuwa na ndugu. Alikuwa akifikiri. Jaji akachukua kufikiri kule kuwa ndilo jibu, akamkatalia. Watu wakaacha kumpelekea viatu. Mlango wake ukapakwa rangi ya manjano, alama ya msaliti. Mwishowe akahamisha familia hadi mji mmoja wa reli huko Dakota ya Kaskazini.

Baada ya vita, yule jirani aliletwa mbele ya jaji kwa kosa jingine, la kughushi barua. Katika kuhojiwa ikatoka kwamba aliyoyasema juu ya Reisz aliyatunga. Alikitaka chumba cha duka la Reisz, na alikipata.

Jaji akarudi nyumbani, akaandika kurasa tano. Alijua Reisz anakaa wapi. Angeweza kumwita. Aliandika kwamba akilifungua faili lile moja itabidi afungue na mengine ya miaka ile, na akiyafungua yote, nani ataiamini tena mahakama? Ukurasa wa tano una mistari mitatu tu. Kisha hakuna kitu, kurasa nyeupe mpaka mwisho.

Nilipofika kwenye kurasa zile nyeupe niliacha kusoma. Bi Cora akasema, "Umefika."

"Hakumwandikia?"

"Hakumwandikia."

"Aliishije?"

Bi Cora akanieleza. Jaji alikaa kitini miaka mingine mingi, akihukumu kesi za pombe haramu, mafungu kwa mafungu. Kwanza akamshuku karani wake. Kisha akaanza kufungua barua za mkewe. Cora alipofika miaka saba akapewa kazi: akae kwenye ngazi na daftari dogo, aandike kila mtu anayeingia nyumbani, saa ngapi, na amebeba nini.

"Nilijivunia mno," aliniambia. "Nilikuwa karani wa baba. Siku moja niliandika jina la mama."

"Baba yako akasema nini?"

"Akauliza alikuwa amebeba nini."

Jaji alifia kwenye kiti chake akisoma gazeti, mji ukamsifu. Bi Cora hakuolewa. Aliniambia kila kijana aliyekuja kumposa alimwona kwanza begani, alichobeba, kabla ya kumwona usoni. Nilicheka kidogo. Kisha nikakumbuka viatu vya Voi, na nikakumbuka macho yangu mwenyewe kwa marafiki zako mlangoni petu, nikaacha kucheka.

Sasa nakuja mahali ambapo ningependa kupaficha.

Bi Cora alikuwa na mpwa, Bwana Gerald, mstaafu mwenye sauti laini. Alikuwa akipanga na maktaba fulani kufanya maonyesho ya maisha ya jaji, na sanduku lile lingepelekwa huko. Majira ya baridi yalipoanza Bi Cora akapatwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali, hawezi kusema. Bwana Gerald akaja kuchukua sanduku. Akahesabu madaftari kwa orodha yake. Daftari jeusi halikuwamo.

Supavaiza akatuita ofisini mmoja mmoja. Mimi nilitangulia, maana nilijulikana kuwa ndiye msomaji. Bwana Gerald alikuwa ameketi kando ya dirisha.

"Ulikuwa ukimsomea kila siku," akasema. "Watu huviuza vitu kama hivi."

"Sijalichukua."

"Sijasema umechukua. Nauliza tu."

Wakesho, nilijua sauti hiyo. Nimeitafsiri mara ngapi! Niliona cheti changu cha kazi kinakwenda, niliona wewe unaacha masomo. Na ndani ya woga ule shaka yangu ya miaka yote ikanijia kama rafiki wa zamani, ikaninong'onezea jina. Nikasema, "Jumanne nilimwona Mama Furaha akitoka chumba kile na mkoba ameukumbatia kifuani. Huwa haji na mkoba ghorofani."

Kila neno lilikuwa kweli. Sikuongeza hata moja. Ila sikusema pia kwamba tangu Mama Furaha aje kufanya kazi pale nilikuwa nikimwangalia. Ni Mkongo wa Uvira, mama wa makamo, mwimbaji wa kwaya, anacheka kwa sauti, anawapa wazee peremende mfukoni. Uchangamfu wake ndio niliokuwa nikiushuku. Nilikuwa nimemwekea hukumu muda mrefu, nikingoja kosa la kuitundikia.

Wakamwita. Mlango haukufungwa vizuri, nilimsikia.

"Ulichukua daftari?" supavaiza akauliza.

"Nililichukua."

"Liko wapi?"

"Siwezi kusema. Niliapa."

Wakamwuliza tena na tena, jibu likawa lilelile. Akaachishwa kazi siku hiyohiyo. Nilimtazama kutoka dirishani akivuka theluji kwenda kituo cha basi, mkoba uleule begani. Na ukweli ambao sikumwambia hata mama yako ni huu: nilifurahi. Siyo kwa sababu nimeponea, bali kwa sababu nilikuwa sahihi. Wiki mbili nzima nilitembea kifua mbele. Niliwahi kukwambia mezani, unakumbuka? "Mimi mtu namjua kwa kumtazama." Ulikuwa unakula, ukainua macho, ukayashusha.

Bi Cora akarudi kutoka hospitali amebaki mifupa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Furaha yuko wapi?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia kwa fahari, kama paka anayeleta panya miguuni pa mwenye nyumba.

Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemtuma."

Miaka ya nyuma mjukuu mmoja wa Reisz alikuwa amemwandikia kuuliza kama familia ya jaji ina kumbukumbu yoyote ya babu yake. Bi Cora hakumjibu. Aliihifadhi ile bahasha. Aliposikia mpwa wake anakuja kuchukua sanduku, alijua daftari jeusi halitafika kwenye maonyesho, litaishia motoni. Akampa Mama Furaha daftari na bahasha, akamwambia akatume posta, na akamwapisha asimwambie mtu mpaka yeye mwenyewe atakaposema. Kisha homa ikamfunga kinywa.

"Kwa nini hukunipa mimi?" nikauliza. Niliumia, unaelewa? Hata wakati ule nilijifikiria mimi.

"Wewe ungetaka kujua ninachotafuta. Yeye aliniuliza swali moja tu: 'Ni lako?' Nikamwambia ni langu. Akalitia mkobani."

Alimwita supavaiza, akaeleza. Bwana Gerald alipiga simu, na ile sauti laini ikapasuka, lakini daftari lilikuwa mali ya Bi Cora na hakuna sheria iliyovunjwa. Mama Furaha akapigiwa simu arudi kazini. Akashukuru, akakataa. Alikuwa amekwisha kupata kazi ya ghala huko Eagan.

Nilikaa siku kumi kabla ya kwenda kwake. Nilijitetea kwa kila namna. Nilijiambia sikusema uongo. Nilijiambia alikiri mwenyewe. Nilikuwa sahihi juu ya mkono wake, nikajisahaulisha kwamba sikuwahi kuuliza mkono ule ulikuwa ukifanya kazi ya nani. Mwishowe mama yako akasema, "Unajigeuzageuza kama chapati, nenda." Nikaenda nyumbani kwake, mtaa wa Phillips, Jumamosi moja mchana. Alinifungulia mlango na kitambaa kichwani, akanitazama, akasogea nipite.

Nilikuwa nimejitayarisha na hotuba. Nilisema kipande chake tu. "Mama Furaha, mimi ndiye niliyetaja jina lako."

"Najua," akasema. "Mkoba wangu, ni nani mwingine aliuonaka? Ni wewe tu ulikuwa unaangaliaka mkoba wangu tangu siku ya kwanza."

"Nisamehe."

Alikwenda jikoni, nikasikia sufuria. Akarudi na chai, akaiweka mbele yangu, yeye hakunywa.

"Kule kwetu, Baba Wakesho, wakati wa vita, watu walitajana majina. Jirani anataja jirani, sababu ya woga. Mimi nilikimbia ile. Nikafika huku, nikasema voilà, imeisha." Akatikisa kichwa. "Sababu gani hukuniulizaka? Tulikuwa tunakula meza moja. Ungesema tu, 'Mama Furaha, umebeba nini?' Ningekwambia ni siri ya mzee. Ungenyamaza. Basi."

Ningesema nini? Kwamba niliogopa atanidanganya? Kuuliza kusingenigharimu kitu. Sikuuliza kwa sababu nilijua nikiuliza huenda akanipa jibu zuri, na mimi sikulitaka jibu zuri.

Sijui kama alinisamehe. Huwa tunakutana kwenye misiba ya watu wetu, ananisalimia kwa mkono, ananiuliza habari zako. Peremende hanipi.

Jibu kutoka Dakota lilikuja majira ya baridi yakikaribia kuisha. Nilimsomea Bi Cora. Lilikuwa fupi, limeandikwa na kitukuu wa Reisz, mwanamke. Yule mjukuu aliyeandika zamani alikuwa amekwisha kufariki. Kitukuu huyo alisema wamepokea daftari, na familia inataka kujua: ninyi ni akina nani, na mnataka nini kwetu?

Nilidhani Bi Cora atavunjika moyo. Aliniomba nilisome tena. Akatabasamu, machozi yakamtoka.

"Wana haki," akasema. "Andika: hatutaki kitu."

"Hivyo tu?"

"Na uandike kwamba alikuwa anafikiri. Siku ile, alipoulizwa juu ya ndugu yake. Hakukataa. Alikuwa anafikiri."

Nikaandika, yeye akatia sahihi. Jibu jingine halikuja. Huenda hawakutuamini. Bi Cora alifariki barafu ilipokuwa ikiyeyuka mtoni.

Maonyesho yalifanyika hata hivyo. Nilikwenda peke yangu siku yangu ya mapumziko. Picha ya jaji ilikuwa kubwa, macho yake yamekazwa kana kwamba mpiga picha naye alikuwa mtuhumiwa. Kulikuwa na kesi ya mjane, kulikuwa na habari za makaburi na matajiri wa mbao, yote kweli. Juu ya Reisz hapakuwa na neno. Mlangoni kulikuwa na kitabu cha wageni. Nikaandika: Anton Reisz, fundi viatu, alinyimwa uraia kwa ushahidi wa uongo, na jaji alijua. Kisha, kwa sababu mimi ni mimi, wiki iliyofuata nikarudi kuangalia kama wameuchana ule ukurasa. Ulikuwapo. Chini ya maneno yangu mtu mwingine, kwa mwandiko wa kitoto, alikuwa ameuliza: Kisha akafanya nini?

Nilisimama pale na kalamu mkononi. Sikujua niandike juu ya nani.

Wakesho, labda siku moja utaketi juu, kwenye kiti kile nilichokuwa nikikitazama kutoka chini. Utakuwa na shaka, maana ni damu yetu, nami nisingependa uipoteze. Jaji Whitcombe aliitumia kumlinda mjane. Lakini alipojua amekosea, alimwacha mtu Dakota kwa sababu aliona aibu. Mimi niliona aibu siku kumi, na zile kumi ndizo ninazozijutia kuliko hata ile dakika moja ya ofisini. Mengine utafundishwa na walimu wako.

Limebaki moja. Mwezi wa tatu ilikuja bahasha yenye jina lako, nikaifungua. Nilijiambia nimekosea jina, lakini sikukosea. Ilikuwa ya chuo cha hapa hapa Minneapolis. Walikukubali, na kwa masharti mazuri kuliko huko unakokwenda. Niliifunga tena kwa gundi, nikaiweka juu ya meza yako. Uliiona, hukutuambia kitu, ukachagua mbali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuchunguza. Nimesikiliza simu zako nikiwa ukumbini. Nimehesabu sababu: ni mvulana, ni deni, ni mama yako. Usiku mmoja nilijiambia ni mimi, nikaiacha haraka sababu hiyo nikatafuta nyingine.

Nisamehe kwa bahasha, na kwa ukumbi.

Sasa nakuuliza, waziwazi, jinsi ambavyo ningepaswa kukuuliza mwezi wa tatu: kwa nini umechagua kwenda mbali nasi? Huna haja ya kunijibu kesho uwanjani. Jibu ukifika, ukishapumzika, hata kama ni baada ya mwaka. Hata kama sababu ni mimi.

Lolote utakaloniambia, mwanangu, nitaliamini.

Baba yako,
Mwakio